Kidole Kilichosogea

Dada yangu Akiru,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama, ambaye wakati huo alikuwa nje ya mlango akizungumza na muuguzi. Kidole chako kilisogea. Kilikuwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, mkono nilioushika mimi. Kilisogea mara moja tu, kikagusa kiganja changu, kisha kikatulia. Nilikisubiri mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha. Hakikurudia.

Baadaye nilimuuliza daktari, kwa kuzungukazunguka, kama vidole vya mgonjwa aliyelala hivi huweza kusogea. Alisema huweza, tena vyenyewe, kama ukope unavyocheza bila mtu kutaka. Akasema familia nyingi huumia kwa sababu hudhani ni salamu. Nikaitikia kwa kichwa. Sikumwambia kwa nini nimeuliza.

Nimerudi shuleni Lodwar. Jumamosi nitakwenda Kakuma kwa nyanya kumweleza nilichokiona hospitalini kwako Eldoret, na mpaka sasa sijui kama nitamwambia habari ya kidole. Ndiyo maana nakuandikia wewe kwanza. Madam wetu wa Kiswahili aliniomba niandike chochote kukuhusu kwa ajili ya gazeti la shule, lile linalobandikwa ukutani nje ya bwalo. Nilikubali. Si kwamba napenda watu wasome mambo yangu, wewe unanijua. Nimechoka tu kuulizwa. Na kuna sababu nyingine. Nikisema kwa mdomo kwamba kidole kilisogea na kwamba daktari anasema huenda hakina maana, jioni neno la kwanza litakuwa limefika Lokichoggio, na la pili litakuwa bado limesimama hapa langoni. Kwenye karatasi maneno yote mawili hulazimika kukaa pamoja.

Nakukumbuka zaidi asubuhi. Ulikuwa ukiniamsha kwa kunivuta mguu. "Mwalimu, twende kazini." Jina hilo ulinipa nikiwa bado shule ya msingi, kwa sababu nilisoma kila kitu, hata maandishi ya magunia ya unga. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye mawe kando ya barabara ya Lodwar kwenda Lokichoggio, nikilinda kandambili zako na kidumu cha maji, na kitabu mapajani. Wewe ulikimbia mpaka ukawa kama mwiba mweusi kule mbele, halafu ukawa si kitu, halafu ukaanza kurudi. Ulikuwa ukifika vumbi limekupanda mpaka magotini, unakunywa kidogo, unauliza, "Umefika wapi?"

"Mama wa kambo amefukuzwa."

"Alistahili huyo," unasema, na kuondoka tena.

Nafikiri vitabu vyangu vingi vya miaka ile ulivisikia hivyo, kipande kwa kipande, ukihema. Hukuwahi kusoma hata kimoja mpaka mwisho lakini uliwajua watu wote waliokuwamo, na kuna wengine uliwachukia kuliko nilivyowachukia mimi.

Mimi nilikuwa naogopa kusimama darasani. Bado naogopa. Wewe ulinifundisha kuvuta pumzi: moja, mbili, tatu, halafu uitoe polepole, moja, mbili, tatu. Ulisema hivyo ndivyo unavyofanya wenzako wanapoanza kukupita. "Usiwaangalie. Hesabu pumzi yako tu. Watu wenyewe watachoka." Nilijaribu siku ya kusoma insha yangu mbele ya wazazi, nikaanza vizuri, kisha nikaona macho yao na nikasahau hata kuhesabu. Ulipiga makofi peke yako nyuma kabisa, kama mtu aliyesikia insha yote.

Sijui kama unaikumbuka siku uliyorudi nyumbani shingo tupu. Ulikuwa umeanza kukimbia na wasichana wakubwa, na shanga zilikuwa zinarukaruka na kukupiga kifuani. Ukazivua zote, ukazifunga ndani ya leso. Nyanya alikuwa anakamua mbuzi. Alikuona, akaacha kukamua, mkono ukabaki hewani.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, nyanya. Ni mbio tu."

"Mbio zimemuua nani?"

Mama alicheka mpaka akakaa chini, lakini nyanya hakucheka. Kwetu mwanamke havui shanga zake zote bila msiba. Mimi mwenyewe shingo ya Mama nilikuwa nimeiona mara moja tu, siku za kifo cha Baba. Nilikuwa mdogo sana, na kitu ninachokumbuka kuliko kilio ni jinsi shingo ile ilivyokuwa nyembamba na ya rangi nyingine, kama ya mtu mgeni. Mwishowe mlikubaliana na nyanya: shingoni zitoke wakati wa kukimbia, lakini uzi mmoja ubaki kwenye mkono wa kushoto siku zote, ili watu wakikuona barabarani wajue kwamba kwenu hakuna msiba. Ulishinda mashindano ya mkoa ukiwa na uzi ule. Kwenye picha iliyotoka gazetini mkono umeinuliwa, na nyanya hakuuliza ulikuwa wa ngapi. Aliweka kidole kwenye picha na kusema, "Anazo."

Siku ya ajali sikuwapo. Ninajua nilichoambiwa, na siku hizi najua kwamba nilichoambiwa ni kitu kimoja na kilichotokea ni kitu kingine. Nimeambiwa kwamba malori sasa hayapiti kwenye lami, kwa sababu lami imeharibika kuliko mchanga, na kila dereva amejitengenezea njia yake pembeni, pale pale unapokimbilia. Nimeambiwa vumbi lilikuwa jingi, lori la mbele lilikuwa limepita, wewe ukarudi njiani ukidhani yamekwisha, na la pili lilikuwa ndani ya vumbi la lile la kwanza. Mtu aliyekuokota alisema ulikuwa unapumua vizuri, kama mtu aliyelala baada ya kazi. Mama alipanda na wewe mpaka Eldoret na hajarudi nyumbani tangu wakati huo.

Kwangu habari ililetwa na naibu wa mwalimu mkuu, ambaye aliniita ofisini na kunipa kiti. Sijawahi kupewa kiti ofisini. Kwa hiyo nilijua kabla hajasema neno.

Baada ya hapo ukawa wa watu wote. Nilikuwa sijui una watu wengi kiasi hicho. Redio ya hapa Lodwar ilikutaja asubuhi na jioni, na kila aliyesikia aliongeza kidogo kabla ya kupitisha kwa mwenzake. Mara ulikuwa umepelekwa India. Mara ulikuwa umeomba maji kwa Kiturkana na wauguzi wakakosa mtu wa kutafsiri. Mara ulikuwa umekatwa mguu. Huo ulikuwa mwaka ambao tuliambiwa ardhi yetu ina mafuta, na watu walikuwa wamezoea kuamini mambo makubwa yaliyo chini, yasiyoonekana. Wasichana walinisubiri kwenye mabomba ya maji.

"Apua, ni kweli mguu?"

"Sijui."

"Si ni dadako? Utakosaje kujua?"

"Mwacheni," alisema Nasike, tunayekaa naye dawati moja. "Huyu hata akijua atawaandikia. Mngoje insha."

Wakacheka, na mimi pia nikacheka kidogo. Nilimshukuru. Lakini alipokuwa ananisindikiza bwenini aliniuliza kwa sauti ndogo, "Lakini kweli, mguu uko?"

Desemba nilifunga shule nikaenda Kakuma kwa nyanya. Wewe ungemcheka jinsi alivyokuwa anawahoji watu. Kila mtu aliyefika na habari yako aliulizwa swali moja kabla ya kukaribishwa chai: "Umeona ama umesikia?" Akisema amesikia, nyanya aligeukia kazi yake. Redio aliiita yule mtu asiye na macho. Nilimpenda sana kwa hilo. Nilihisi kwamba kwenye boma letu, walau hapo, uongo hautapita.

Ndipo akaja Ekai, jirani yetu anayesafirisha mbuzi. Alikuwa ametoka Eldoret. Aliketi, na nyanya akamuuliza swali lake.

"Nimeona," alisema Ekai.

"Umeona nini?"

"Nimemwona mama yao. Amekaa kwenye ukuta mdogo, nje ya lango la hospitali. Shingo tupu."

Hapakuwa na haja ya neno lingine. Baadaye aliulizwa kwa nini hakumsalimu, akasema aliona aibu kumkaribia mfiwa mikono mitupu, na basi lilikuwa linaondoka. Nyanya aliingia ndani. Alipotoka alikuwa amekata nyuzi zake zote, shanga za ujana wake na zile za juu alizopewa na babu, amezitia kwenye kibuyu. Akakaa chini, akaanza kulia kwa sauti ambayo sijui kuiandika. Wanawake walikuja kutoka ng'ambo ya laga, ule mto mkavu wa mchanga, wakavua za kwao.

Mimi sikuwa na shanga za kuvua, nilikuwa na sare ya shule. Nilikwenda nyuma ya boma na kulia mpaka nikawa sina kitu. Nakuambia haya kwa sababu yalifanyika, Akiru. Nilikulilia yote. Nilikuaga.

Aliyeuliza swali ambalo hatukuliuliza alikuwa yule mama Mkongo wa kambi ya wakimbizi anayeuza mandazi karibu na kisima. Alileta mandazi kwenye sinia, akampa nyanya mkono, kisha akaniita pembeni.

"Pole, mwana. Sasa mwili iko wapi?"

Nikasema hatujui. Nikasema kuna mtu aliyeona.

"Aliona mwili?"

"Aliona shingo ya Mama."

Alinitazama. "Siye kule kwetu tulilia batu mingi bila kuona mwili," akasema. "Bengine walirudi. Piga simu, mwana."

Simu ya Mama ilikuwa imezimwa tangu wiki iliyotangulia, lakini kuna muuguzi ambaye nambari yake nilikuwa nayo. Alipokea. Nilimsikia akitembea, milango ikifunguka, halafu sauti ya Mama ikaja, ya kawaida kabisa, ikiuliza kama mbuzi wanapata maji.

"Mama," nikasema, "kwa nini huna shanga?"

"Nani amekuambia?"

"Mama, kwa nini huna shanga?"

"Hawaruhusu kuingia nazo chumba kile cha mahututi. Wanasema zinabeba uchafu. Ninazivua nikiingia, nikitoka nimechoka hata kuzivaa. Ziko hapa kwenye mfuko." Kisha akanyamaza, na nilisikia alipoelewa. "Apua. Mmefanya nini huko?"

Nilidhani habari hiyo itamaliza yote. Nilikimbia, mimi nisiyekimbia, mpaka kwa nyanya, nikamwambia yuko hai, nimesikia kwa Mama mwenyewe. Nyanya alisimamisha kilio. Akaniangalia na macho yale mekundu.

"Umesikia," alisema.

"Ndiyo, kwa simu, Mama mwenyewe—"

"Ekai aliona. Wewe umesikia."

Hakukasirika. Alikuwa mtu aliyeamini macho maisha yake yote, macho yakamdanganya mara moja, na sasa hakuwa na kitu cha kushika. Hakulia tena, na shanga hakuzirudisha. Alikula kidogo, alikamua mbuzi, na jina lako hakulitaja. Sisi hatutaji jina la mtu aliyekwenda. Kwa hiyo tangu Desemba, dada yangu, Lodwar uko hai kwenye redio, na kwenye boma la nyanya huna jina.

Ekai alinifuata siku ninarudi shuleni. Alisimama kando ya basi akishika kofia. "Mimi sikusema amekufa," akaniambia. "Nilisema nilichoona." Nilitaka kumlaumu nikashindwa, kwa sababu ni kweli.

Halafu yakaja ya mwezi uliopita, wakati wa kampeni. Lori la mgombea mmoja lilisimama uwanjani, si mbali na ua wa shule, na spika zake zilikuwa zinatikisa hata mabati ya bwalo. Tulisikia kila neno. Alisema ana habari ambayo hata redio haijaipata. "Binti yetu Akiru ameamka! Na mnajua neno lake la kwanza lilikuwa gani? Alisema: Turkana!" Umati ukalipuka. Wapishi wetu walitoka jikoni wakipiga vigelegele, na mwiko mkononi. Wasichana walinitafuta wanibebe juu. Nilikuwa maktaba, nyuma ya rafu ya atlasi, nimeketi sakafuni, na nilikuwa naomba iwe uongo.

Sijui kama utanielewa. Habari mbaya ilikuwa imekuja tayari na kunifanyia yote iliyoweza. Nzuri ndiyo niliyokuwa naiogopa, kwa sababu nzuri inaweza kuchukuliwa tena.

Matroni alinipa simu yake nimpigie Mama.

"Amefungua macho," Mama alisema.

"Ameamka?"

"Amefungua macho, mwanangu."

Nikauliza tena, na yeye akasema vilevile tena, kwa upole, kama mtu anayemshika mtoto mkono asivuke. Siku iliyofuata redio ilitangaza kwamba familia imethibitisha. Nasikia kule Kakuma wazee walianza kuzungumza juu ya ng'ombe atakayechinjwa ukishuka kwenye ndege. Nyanya alipopelekewa habari hiyo hakuuliza swali lake. Hakuuliza chochote.

Hapo ndipo nilipomwendea Madam. Yeye kwao ni Kitale na alikuwa anakwenda nyumbani wakati wa mapumziko ya katikati ya muhula. Nilivuta pumzi, moja, mbili, tatu, nikamwomba anichukue, anifikishe mpaka Eldoret, anifuate siku ya kurudi. Ni maneno mengi kuliko niliyowahi kumwambia. Tulipopita Kalemng'orok alinunua chai, akaniuliza nataka kuona nini hasa. Nikasema nataka kuona ili niweze kumwambia nyanya kwamba nimeona. Akaniongezea sukari.

Basi haya ndiyo niliyoyaona. Nimeona ukuta mdogo nje ya lango. Mama alikuwa amekaa pale pale, shingo tupu, na hata mimi niliyejua sababu nilishtuka. Nimeona mfuko wa plastiki na shanga zake ndani. Nimekuona. Umekonda, nywele zimenyolewa upande mmoja, na mguu uko, miguu yote miwili iko. Macho yako yako wazi. Yanapepesa. Yalikuwa yanatazama dari, na nilipoinama mbele yako yaliendelea kutazama dari, kupitia kwangu. Niliita jina lako. Nikaenda upande wa pili nikaliita tena. Daktari, mwanamume kijana asiye na haraka, alinieleza kwamba macho yanaweza kufunguka kabla ya mtu mwenyewe kurudi. Kwamba sasa unalala usiku na kufungua macho mchana, nayo ni hatua. Kwamba wapo wanaosonga mbele kutoka hapo na wapo wanaobaki. Nilimuuliza wewe ni wa aina gani. Akasema, "Ningejua ningekuambia. Mimi si redio."

Kwenye mkono wako wa kushoto, pale uzi ulipokaa miaka yote, pamebaki alama nyepesi. Niliushika hapo. Niliogopa ukimya, basi nikaanza kuhesabu pumzi yako kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Moja, mbili, tatu. Ndipo kidole kiliposogea.

Hiyo ndiyo yote. Anayesoma hapa ukutani, namwomba asiiite habari. Kidole kilisogea, na daktari amesema vidole husogea vyenyewe. Abebe yote mawili, au asibebe lolote.

Nilikuwa nimeishia hapo Alhamisi. Sasa ni Jumapili jioni na nimerudi kutoka Kakuma, kwa hiyo naongeza.

Nilifika kwa nyanya adhuhuri. Aliniambia nimekuwa mwembamba, kwamba shule hainilishi kitu ila karatasi. Akanipa chai. Kisha akaketi mbele yangu, shingo ile tupu, akasema, "Anza ulikotoka." Nikaanza Lodwar, kwa sababu kwetu habari haianzii katikati. Nikamweleza njia, chai ya Kalemng'orok, lango, ukuta. Nilipofika kwenye mfuko wa shanga alifumba macho. Nikasema yote kuhusu macho yako, kwamba yako wazi na hayaoni. Nikasema maneno ya daktari.

"Umemaliza?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilihesabu pumzi.

"Kuna kidole," nikasema.

Aliniomba nimwonyeshe. Nikashika mkono wake na kukigusa kiganja chake kwa kidole changu kidogo, mara moja, kwa uzito ule ule niliousikia.

"Mara moja?"

"Mara moja."

"Na huyo daktari anasema nini?"

"Anasema vidole husogea vyenyewe."

"Vya nani? Vya maiti?"

"Hapana, nyanya. Vya mtu aliye hai."

Aliutazama mkono wake kwa muda. "Akiru," akasema. Hakuwa ananiambia mimi. Alilisema tu jina lako, kama mtu anayejaribu kama mlango bado unafunguka.

Nilidhani atazivaa. Aliona ninavyokitazama kibuyu. "Sivai," akasema. "Nivae nikasherehekee nini? Huyo bado yuko njiani, na njia nyingine watu hawamalizi. Nitazitunga tu. Ukienda tena utakuja uniambie, hata kama ni mabaya. Usinitumie simu. Uje."

Nikamwambia nitakuja.

Alimimina shanga kwenye ngozi, akaniagiza nitenge nyekundu, nyeupe na bluu, kwa sababu macho yake hayazitenganishi vizuri siku hizi. Nilitenga mpaka giza likaingia. Leo asubuhi nilimchotea maji, nikamwachia uzi mpya alionituma kuununua, nikapanda basi. Tulipopita penye mawe yangu kando ya barabara sikufumba macho. Nilipofika shuleni nilimwomba matroni simu, nikampigia Mama, nikamwambia aingie kwako na kuiweka simu yake mdomoni mwako, karibu na pumzi. Nilisubiri mpaka nikasikia pumzi. Nikahesabu nayo, moja, mbili, tatu, mpaka muuguzi akasema muda umekwisha. Kisha nikamrudishia matroni simu yake, nikaja darasani kuandika haya.

Endelea kupumua hivyo hivyo, dada. Usiwaangalie watu. Nipo hapa kwenye mawe, nimezishika kandambili zako.

Mdogo wako uliyemwita Mwalimu,
Apua